Ndege Inayosikika Ikishapita

Naomba ieleweke mapema, kabla Tume haijanitilia shaka, kwamba nchi yetu haichelewi. Wanaosema tunachelewa ni watu wenye chuki. Ukweli ni kwamba saa za nchi yetu zina tabia ya kutangulia, nasi kwa ustaarabu wetu huziacha zitangulie. Hilo nimelishuhudia kwa miaka kumi na tisa, nikiwa nimesimama juani na mto wa hariri mikononi, na juu ya mto huo mkasi.

Jina langu ni Shabani Ngwali, Mtunza Mkasi wa Taifa. Wengi hucheka wakikisikia cheo hicho, mpaka waelezwe. Katika nchi yetu hakuna kitu kinachoruhusiwa kutumika kabla hakijazinduliwa, na hakuna awezaye kuzindua isipokuwa mtu mmoja, Mgeni Rasmi wa Kudumu, ambaye ndiye kiongozi wetu. Daraja likikamilika hufungwa utepe, na wananchi huendelea kuvuka mto kwa miguu, maji kiunoni, chini ya daraja hilo hilo, huku wakilisifia. Kisima kikichimbwa hufungwa utepe. Kuna choo cha soko kuu ambacho kimefungwa utepe mwaka wa tano sasa, na yanayotokea nyuma yake hayafai kuandikwa katika maelezo ya heshima kama haya.

Na kuna wodi ya wazazi ya Mwisho wa Lami.

Mwisho wa Lami ndiko nilikozaliwa. Wodi yenyewe ilikamilika miaka mitatu iliyopita. Ina vitanda kumi na viwili vilivyofunikwa nailoni tangu vishushwe kwenye lori, ina bomba la maji ya moto, ina madirisha makubwa ya kioo pande zote. Mlangoni pana utepe wa rangi za bendera. Kinamama hujifungulia barazani, juu ya mikeka, mbele ya mlango huo, na kwa kuwa vioo ni safi huviona vitanda vyote kumi na viwili. Mkunga wa pale, Sista Ludovika, aliwahi kuniambia kwamba mtu anayelala chini huku anatazama kitanda huumwa mara mbili. Nikamwambia avumilie, utepe una heshima yake.

Binti yangu Mwajabu alijifungulia pale barazani mwaka juzi, siku ya mvua ya upepo. Alipata mtoto wa kiume. Mtoto alipigwa na baridi, akaishi mpaka alasiri. Siku hiyo mimi nilikuwa mkoa mwingine, nimeshika mto wangu kwenye uzinduzi wa bango lililokuwa likitangaza uzinduzi. Sitapamba maneno hapa. Iliniuma, na inaniuma hadi leo ninapoandika. Lakini matanga yalipokwisha nilirudi kazini, kwa sababu niliamini kwamba kosa halikuwa la utepe. Niliamini kosa ni la umbali.

Serikali nayo ikaamini hivyo hivyo. Kiliitishwa kikao kikubwa, tukasomewa orodha ya vitu elfu mbili na mia nne vinavyomngoja Mgeni Rasmi. Karani mmoja, mama mtaratibu tu wa idara ya majengo, alinyoosha mkono akauliza kama haiwezekani utepe ukakatwa na yeyote aliye karibu. Mwenyekiti wa kikao alikunywa maji, akakitazama kile kiti cha yule mama kana kwamba kilikuwa kitupu, na wiki hiyo hiyo kikawa kitupu kweli. Nasikia yule mama amehamishiwa kusimamia mnara wa kuongozea meli, katika mkoa usio na bahari.

Ndipo aliposimama Mheshimiwa Lwambano, Waziri wa Mwendo na Mazingira. Ni mtu mwenye sauti nzuri, na anajua.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tatizo letu si kwamba Mgeni Rasmi ni mmoja. Umoja wake ndiyo fahari yetu. Tatizo ni kwamba amepewa vyombo vya polepole. Mimi naleta ndege ya wakubwa, ya viti vinane, iendayo kasi kuliko sauti. Kwa ndege hiyo Mgeni Rasmi atafungua hospitali asubuhi, atafungua daraja kabla ya chai, na atakuwa ameshapanda mti kabla shimo halijachimbwa."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mjumbe mmoja akauliza kuhusu moshi, maana wafadhili hawapendi moshi wetu, wana wa kwao. Waziri akatabasamu. Akasema ndege hiyo itakuwa endelevu. Itapakwa rangi ya kijani, na zaidi ya hapo haitagusa mafuta ya ardhini. Itaruka kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika.

Wazo lilikuwa zuri, lakini lilikuta kikwazo ambacho mtaalamu yeyote aliyewahi kuingia jikoni angekiona. Katika nchi yetu mafuta yaliyokwisha kutumika hayapo. Mama wa maandazi akishakaanga leo hukaangia yale yale kesho, na kesho kutwa, mpaka yaishie ndani ya maandazi. Maofisa walizunguka nchi nzima na mapipa, wakarudi na chupa mbili, na moja ilikuwa asali.

Hapo ndipo Wizara ilipoonyesha ubunifu. Ikaamriwa kwamba kila kaya itoe mafuta yake mapya, na kazi ya kuyafanya yawe yaliyotumika wataibeba viongozi wenyewe. Ikaundwa Kamati ya Kukaangia. Kila ofisi ya serikali ikawekewa karai. Asubuhi walikaanga chipsi, mchana sambusa, jioni samaki, na kila kilichokaangwa kililazimika kuliwa, kwa kuwa chakula kinachotupwa si endelevu. Mheshimiwa Lwambano alivimba mpaka koti lake rasmi likakataa kufungwa. Alipopita mbele ya kamera, akipangusa midomo, alisema, "Hizi si chipsi za starehe. Ninakula kwa niaba yenu."

Wananchi kwa upande wao walitangaziwa Mwaka wa Chukuchuku. Mihogo ikachemshwa, samaki wakachemshwa, na kwenye harusi watu walipewa ndizi za kuchemsha na shukrani. Mwajabu alikuwa na karai lake la bagia nje ya shule ya msingi. Maofisa walichukua mafuta, wakamwachia karai na cheti kilichoandikwa Mzalendo wa Anga. Alikitundika ukutani, akaanza kuchemsha viazi vikuu.

Ndege ilipokamilika niliitwa kuikagua, kwani nayo ilikuwa imefungwa utepe puani. Ilikuwa nyembamba, ya kijani, nzuri kusema kweli. Kulikuwa na tatizo dogo kwamba haikuweza kuruka kabla Mgeni Rasmi hajaizindua, na Mgeni Rasmi alikuwa nje ya nchi, akikataa kurudi kwa ndege ya polepole ilhali anayo ya kasi. Jambo hilo lilichukua miezi minane. Mwishowe alirudi kwa ndege ya kukodi, kwa siri, akaizindua ile ya kijani, na ikatangazwa kwamba hakuwa ameondoka.

Katika miezi hiyo nilizoeana na Injinia Mwamvita, mwanamama aliyeiunda ile ndege na ambaye ndiye mtu pekee katika Wizara niliyewahi kumwona anakonda. Siku moja alinikuta nikiupiga msasa mkasi.

"Shikamoo, mzee wangu," aliniambia. "Hivi wamekueleza kuhusu mshindo?"

Nikamjibu marahaba, na kwamba sikuelezwa.

"Ndege hii inaiacha sauti yake nyuma. Inapopita juu yako husikii kitu. Halafu inakuja ngurumo moja, inatikisa mpaka sahani kabatini. Ukiisikia, ujue imeshapita. Nimemwandikia Waziri barua sita."

"Amesemaje?"

"Ameunda kamati ya kuupa mshindo jina."

Jina lilipatikana baada ya vikao kumi na moja. Mshindo uliitwa Salamu. Raia atakayeisikia Salamu atasimama alipo na kuitikia kwa makofi matatu, na atakayeziba masikio atahesabiwa amemdharau Mgeni Rasmi. Ilipojaribiwa mara ya kwanza juu ya Mwisho wa Lami, kuku waliacha kutaga na vioo viwili vya wodi vikapata nyufa. Sista Ludovika aliandika barua ya malalamiko. Alijibiwa, na nakala ya jibu nililetewa mimi, kwamba jengo ambalo halijazinduliwa halitambuliki kisheria, na vioo vya jengo lisilotambulika haviwezi kupata nyufa. Alishauriwa amwone daktari wa macho.

Wakati huo Mwajabu alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Hakuniomba kitu. Alikuja nyumbani, akaketi jamvini na mama yake, wakachambua mchele. Nilipotoka akaniuliza, bila kunitazama, "Baba, mikeka ya pale barazani hospitali walishabadilisha?"

Nilikwenda kwa Waziri siku iliyofuata. Katika miaka kumi na tisa nilikuwa sijawahi kuomba lolote, na nadhani ndiyo sababu alishtuka. Nilimwomba wodi ya Mwisho wa Lami iwe ya kwanza kwenye orodha. Alimaliza sambusa aliyokuwa akiila kwa niaba yetu, akafikiri, akasema itakuwa Jumatano, saa nne asubuhi, juma la kwanza la mwezi wa tisa. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Siku hiyo nililia kwenye ngazi za Wizara, na sioni haya kuliandika.

Lilibaki suala la uwanja. Ndege ile huhitaji njia ya lami ya kilometa tatu, na Mwisho wa Lami jina lake linajieleza. Waziri akavumbua Uzinduzi wa Kupita. Ndege isingetua. Mgeni Rasmi angepita juu, na mkono wangu ungehesabika kuwa mkono wake. Kanuni ya saba ya Mwongozo wa Itifaki ikarekebishwa, nami naijua kwa moyo: Utepe utakatwa pale tu sauti ya Mgeni Rasmi itakaposikika, naye akiwepo. Salamu ikatambuliwa kuwa sauti. Kuwepo juu kukatambuliwa kuwa ni kuwepo. Wanasheria wanne waliisoma wakaipitisha. Injinia Mwamvita aliisoma mara moja, akaomba likizo.

Jumatano ilifika. Watu walikaa juani tangu saa kumi na mbili asubuhi, watoto wa shule wakiimba wimbo wa kuisifu ndege. Mkuu wa Wilaya alisimama kwenye jukwaa na darubini shingoni na saa ya kuhesabia mkononi. Mimi nilikuwa mlangoni pa wodi, mto mkononi. Nyuma yangu, barazani, kwenye mkeka ule ule, alikuwa Mwajabu. Uchungu ulikuwa umemshika alfajiri, wiki mbili kabla ya siku zake.

"Mtoto amekaa vibaya," Sista Ludovika aliniambia kwa sauti ya chini. "Nahitaji kitanda kinachoinuka miguuni. Nahitaji maji ya moto. Vyote vipo hatua tano kutoka hapa."

"Bado robo saa, Sista," nilimwambia.

"Huyu hana robo saa nyingi, mzee."

Saa nne kamili Mkuu wa Wilaya alipaza sauti akisema anamwona. Kweli, kulikuwa na kitu kidogo cha kijani juu sana, kinapita kimya. Nilichukua mkasi, nikaufungua, nikaupeleka kwenye utepe. Kimya. Nilisubiri sauti, kama kanuni inavyotaka. Watu wote walisubiri, mikono imeinuliwa kwa makofi. Kile kitu cha kijani kikaenda, kikawa nukta, kikaisha nyuma ya vilima.

Ndipo Salamu ikafika. Sijui niielezeje. Nilihisi kifua kimepigwa kwa ndani. Vioo vyote vya wodi vilimwagika kwa pamoja, pande zote nne, na watoto wa shule wakaanguka kifudifudi, na hapakuwa na aliyepiga makofi. Kisha ikashuka harufu ya bagia. Watu waliokula chukuchuku mwaka mzima waliinua pua juu, wengine machozi yakiwatoka, na nikamwona mzee mmoja akimeza mate huku anatoka damu sikioni.

Utepe haukuguswa hata na kipande cha kioo.

Niliuinamia na mkasi wangu, na Mkuu wa Wilaya akapiga kelele nisimame. Alikuwa ameshika saa.

"Salamu imesikika dakika nzima baada ya Mgeni Rasmi kuondoka katika anga la wilaya," alisema. "Alipokuwepo hakusikika. Aliposikika hakuwepo. Mtunza Mkasi, Kanuni ya saba haijatimia."

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonitisha, waheshimiwa wa Tume, kwamba alikuwa sahihi kabisa. Nilisimama pale nikaipitia ile kanuni kichwani, neno kwa neno, na nikaona kwamba haitatimia leo wala kesho, wala juu ya daraja, wala juu ya kisima, kwa kitu chochote kati ya vile elfu mbili na mia nne. Tulikuwa tumekaanga mwaka mzima ili tuwe na kiongozi ambaye akiwepo hasikiki, na akisikika hayupo.

Mkuu wa Wilaya alimpigia Waziri simu. Waziri akajibu, mdomo umejaa, kwamba ndege imemaliza mafuta na Kamati ya Kukaangia itahitaji miezi miwili, maana wajumbe watatu wamelazwa kwa shinikizo la damu.

Nyuma yangu Mwajabu alisema, "Baba."

Mwaka juzi naambiwa aliita hivyo hivyo, nami sikuwepo kusikia.

Nilikata utepe.

Hapa Tume imeniuliza mara tatu nilikata kwa mamlaka ya nani. Nitajibu baadaye. Kwanza niseme kilichotokea, kwa sababu kwenye hati ya mashtaka hakimo. Mlango ulifunguka bila shida. Ndani kulikuwa na vioo sakafuni, vioo madirishani, vioo juu ya kila kitanda, nami nikadhani nimemwingiza mwanangu kwenye machinjio. Sista Ludovika hakusita. Alikishika kitanda cha kwanza, akaikunja ile nailoni kwa pembe nne na vioo vyake vyote ndani, akaivuta ikatoka nzima. Chini yake shuka lilikuwa jeupe, lina mikunjo ya kiwandani. Miaka mitatu ya nailoni, na hiyo ndiyo kazi pekee iliyowahi kufanya.

Kinamama waliokuwa barazani walifagia njia kwa khanga zao. Bomba la maji ya moto lilikohoa kutu, kisha likatoa maji ya moto. Mimi nilitolewa nje, kama inavyostahili, nikasimama mlangoni na nusu ya utepe mkononi. Polisi wawili walisimama kulia na kushoto kwangu. Walikuwa na adabu. Mmoja alinishikia mto.

Mjukuu wangu alizaliwa saa tano na dakika ishirini. Ni wa kike. Ofisi ya vizazi imekataa kumwandikia cheti, kwa maelezo kwamba mahali alipozaliwa bado hapajafunguliwa. Wodi imefungwa utepe mwingine, mpana zaidi, na mlango umewekewa mlinzi. Vioo vinasubiri jiwe la msingi. Mikeka imerudishwa barazani, na naambiwa wapo kinamama watatu juu yake leo hii ninapoandika, huku ndani kitanda kimoja hakina nailoni.

Sasa nijibu. Waheshimiwa mmeniuliza nilikata kwa mamlaka ya nani, maana yake kama wakati nakata nilikuwa nimesikia sauti, na kama mwenye sauti alikuwepo. Nilipokata Salamu ilikuwa imeshapita, na sauti niliyoisikia ni ya mwanangu tu, akiniita. Lakini saa tano na dakika ishirini nilisikia kilio kidogo, chembamba, hakikuvunja kitu. Niligeuka, nikachungulia dirishani pasipo kioo, na mwenyewe alikuwa pale pale, amefumba ngumi. Kwa miaka kumi na tisa ya kushika mto, ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti na kumkuta mwenye sauti yupo.

Mkasi wangu mnao nyinyi, umebandikwa namba ya kielelezo. Jana Sista Ludovika alinitumia ujumbe kupitia kwa anayeniletea chakula mahabusu. Anauliza kama ni lazima uwe mkasi ule. Nimemjibu kwamba hata wembe unafaa.